Hatifungani, Mifereji na Kura ya Walipakodi nchini Marekani

Jimbo la New York lililazimika kuugharimia Mfereji wa Erie peke yake, kwa sababu mnamo Machi 1817 Rais James Madison aliukataa muswada uliokusudia kutenga fedha za serikali kuu kwa ajili ya barabara na mifereji. Mwezi uliofuata, Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kukopa kwa njia ya hatifungani, yaani hati ambayo kwayo serikali hukiri deni na kuahidi kulilipa pamoja na riba katika muda uliowekwa, na likaunda Mfuko wa Mfereji uliosimamiwa na maofisa wa jimbo lenyewe. Kukopa kulikuwa rahisi. Busara ya wabunge ilionekana katika kutenga mapema ushuru wa chumvi na wa minada, ili riba ipate kulipwa hata kabla chombo cha kwanza hakijapita. Mfereji huo, wenye urefu wa kilomita 584 na uliogharimu takriban dola milioni 7, ulifunguliwa Oktoba 1825, na ushuru wa vyombo ukatosha kulihudumia deni.

Mafanikio hayo yaliyaponza majimbo mengine. Indiana iliidhinisha miradi ya dola milioni 10 mwaka 1836, na Michigan ikafuata mwaka 1837 kwa dola milioni 5, wakati ambapo kila mjumbe alitaka njia ipite kwa wapiga kura wake na wachache walithubutu kutaja kodi. Baada ya misukosuko ya fedha ya 1837 na 1839, majimbo manane, pamoja na Florida ambayo haikuwa bado na hadhi ya jimbo, yalishindwa kulipa kufikia mwaka 1842. Na Sydney Smith, kasisi wa Uingereza aliyekuwa amenunua hatifungani za Pennsylvania, akawasuta wadeni wake hadharani kwa ukali ambao wenye fedha wa London waliufurahia.

New York, ambayo haikushindwa kulipa ila ilinusurika kwa kusimamisha kazi na kutoza kodi, iliweka katika katiba yake ya 1846 kwamba deni jipya linalozidi dola milioni 1 liwe la mradi mmoja uliotajwa, liambatane na kodi ya kulilipa ndani ya miaka 18, na liidhinishwe na wapiga kura. Majimbo mengi yaliiga masharti ya namna hiyo, lakini kwa kuwa hamu ya reli haikupungua, mzigo ulishuka tu hadi kwenye miji na kaunti, ambazo katiba hizo hazikuzibana vya kutosha. Iowa ilijaribu kuziba mwanya huo mwaka 1857 kwa kuwekea deni la mamlaka za mitaa kikomo cha asilimia 5 ya thamani ya mali inayotozwa kodi. Hata hivyo, kwa hatifungani zilizokwisha kuuzwa, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1864, katika shauri la Gelpcke dhidi ya jiji la Dubuque, kwamba mnunuzi lazima alipwe.

Uamuzi huo uliwaelemea zaidi watu wa kaunti zilizokopea reli ambazo hazikujengwa. Katika Kaunti ya St. Clair, Missouri, wajumbe wa baraza la kaunti, ambao huko waliitwa majaji ijapokuwa kazi yao ilikuwa utawala, walijificha ili wasifikiwe na amri ya mahakama ya shirikisho ya kutoza kodi ya kulipia deni, na baadhi yao walifungwa jela huku wananchi wakiendelea kuwachagua waliokataa kuitoza.