Nauli, Bima na Mwezi wa Nne: Ufadhili wa Watoto Wenye Saratani Ulipie Nini?

Mtoto mwenye saratani asiporudi kliniki, lawama hupelekwa nyumbani kwao. Husemwa kwamba wazazi hawakuelewa ugonjwa, au walimwendea mganga. Anayeamini hivyo atapeleka pesa za ufadhili kwenye mikutano ya uhamasishaji. Makala haya yanapinga imani hiyo kwa data ya mji wa Eldoret, Kenya, na yanadai kwamba shilingi ya mfadhili humfaa mtoto zaidi inapolipa nauli, malazi ya mzazi na bima, hasa baada ya miezi ya mwanzo kupita.

Juu ya ukubwa wa tatizo hakuna ubishi. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Ubishi uko kwenye njia ya kulitatua.

Festus Njuguna na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2014, waliangalia watoto 222 waliogunduliwa kuwa na saratani kati ya Januari 2007 na Januari 2009 katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Kati ya 180 ambao hatima ya matibabu yao ilijulikana, 98 waliacha tiba, yaani asilimia 54. Watafiti hawakuishia kwenye rejesta. Walizitafuta familia za walioacha na kuzihoji 46. Watoto 9 tu kati ya hao 46 walikuwa hai. Familia 26 zilieleza sababu, na zilizotajwa zaidi ni uhaba wa pesa (asilimia 46), ugumu wa kupata bima (27) na usafiri (23). Lakini takwimu ninayoipa uzito kuliko zote ni kwamba asilimia 72 waliacha baada ya kumaliza miezi 3 ya kwanza. Mzazi asiyeamini tiba ya hospitali hawezi kustahimili miezi mitatu ya sindano, kutapika na kunyonyoka nywele kwa mwanawe. Aliyefika hapo ameshaamini. Kilichomwishia ni uwezo.

Itazame Kesses, yapata kilomita 35 kutoka mjini Eldoret. Familia nyingi huko hutegemea mahindi, ngano na maziwa. Pesa ya mahindi huja baada ya mavuno, na kliniki haingoji mavuno. Lukemia kali ya limfu, aina ya saratani ya damu, hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3. Harambee, kimbilio letu la kwanza, hufanywa ugonjwa unapotangazwa: majirani huchanga, kanisa huchanga, namba ya M-Pesa husambazwa. Ni ukarimu wa kweli. Nashuku, ingawa utafiti ule haukulipima jambo hili, kwamba ukarimu huo hukauka karibu na wakati uleule ambapo watoto huanza kutoweka.

Itasemwa kwamba familia 26 ni chache, na kwamba mzazi hutaja pesa ili kuficha imani yake. Huenda. Hata hivyo, mwenye hoja hiyo hajaeleza ile miezi mitatu.

Pingamizi zito zaidi ni la kisera. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, na kifurushi chake cha saratani kilianza na shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Mfadhili ni wa nini tena? Jibu limo kwenye masharti. Asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa kaya ya kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600. Mfadhili anayelipa kiasi hicho humfungulia mtoto kifurushi kizima. Tena, bima hailipi nauli ya matatu.

Hoja ya ufadhili unaodumu ina nguvu zaidi kwa magonjwa mengine ya damu, kama selimundu na hemofilia. Hidroksiurea, dawa ya selimundu, humezwa kila siku kwa miaka, na mwenye hemofilia huhitaji dawa ya kugandisha damu maishani mwote. Hakuna harambee inayodumu hivyo.

Hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa Eldoret 2015 kwa michango, inaonyesha kwamba ufadhili unaweza kujenga. Sasa wafadhili waanze na orodha ya watoto wanaokaribia mwezi wa nne wa tiba, wawapigie wazazi simu kabla ya tarehe ya kliniki, na watume nauli siku moja kabla. Nathubutu kusema kwamba kazi hiyo itaokoa watoto wengi kuliko jengo jingine lolote.