Tamaa Isiyo na wa Kuikanya: Anguko la Macbeth

Macbeth, tamthilia ya Shakespeare iliyoandikwa takriban mwaka 1606 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968, husomwa na wengi kama onyo dhidi ya uchu wa madaraka. Usomaji huo ni sahihi ila haujakamilika, kwani wenye uchu ni wengi na si wote huangamia. Makala hii inadai kwamba kinachomwangamiza Macbeth ni tamaa iliyokosa wa kuikanya, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayejiondolea wa kumkanya.

Ushahidi umo katika mfuatano wa mauaji. Kabla ya kumuua Mfalme Duncan, Macbeth anajihoji: huyu ni jamaa yangu, ni mfalme wangu, tena ni mgeni wangu, ambaye napaswa kumlinda dhidi ya muuaji. Anafikia hata kumwambia mkewe kwamba shauri hilo liishie hapo. Mkewe anamsuta kuwa si mwanamume, naye analegea. Hata hivyo, uovu huo ulijadiliwa na watu wawili. Anapopanga kumuua Banquo, jemadari mwenzake, anamficha mkewe. Anapoagiza mke na watoto wa mpinzani wake Macduff wauawe, hata kujihoji kumekwisha. Ameazimia kwamba kila linalomjia moyoni alitende papo hapo. Mwishoni anakiri kwamba heshima, upendo na marafiki, mambo yanayoupamba uzee, yeye hatayapata.

Wapo watakaosema kwamba wachawi waliokutana naye mwanzoni mwa tamthilia walikwisha kumwamulia. Lakini wachawi walimtabiria ufalme, hawakumtuma kuua, na kwa muda yeye mwenyewe aliona kwamba bahati ingeweza kumvika taji bila yeye kujishughulisha. Banquo naye alisikia utabiri papo hapo, akaahidiwa kizazi cha wafalme, na hakumuua mtu ili kuutimiza. Pingamizi zito zaidi ni la kihistoria. Macbeth halisi alitwaa ufalme wa Uskoti mwaka 1040, baada ya Duncan kuuawa katika mapigano, akatawala miaka 17. Isitoshe, katika tarihi ya Holinshed, aliyoitegemea Shakespeare, Banquo ni mshiriki wa njama. Kumsafisha Banquo kulimpendeza Mfalme James wa Kwanza, aliyetawala wakati huo na kuhesabiwa kuwa wa ukoo wa Banquo; kwa hiyo huenda tofauti kati ya Banquo na Macbeth ni ya kumfurahisha mfalme tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi jambo. Kama nia ingekuwa kumfurahisha mfalme tu, Banquo asingeonyeshwa akishuku uhalifu na kuufumbia macho, kisha akauawa na yuleyule aliyemsitiri.

Kwa hiyo lawama katika tamthilia hii haimwangukii mwenye tamaa peke yake. Inamgusa pia anayejua na kunyamaza. Mwalimu anayeitumia Macbeth kufundishia maadili ya uongozi asiishie kukemea tamaa. Awaulize wanafunzi wake ni nani aliyekuwa na nafasi ya kumkanya Macbeth, na kwa nini hakumkanya.