Zidaka, Samadari na Kigoda

Husemwa siku hizi kwamba kuchanganya vyombo vya kale na vya kisasa katika chumba kimoja ni fasheni iliyoletwa na mahoteli. Madai hayo hayasimami mbele ya historia. Chumba cha mwambao kilikuwa cha mchanganyiko tangu zamani, na vingi vinavyoitwa leo vya kale viliingia humo vikiwa vipya, vikinukia meli.

Shahidi bora ni Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, na ambaye kumbukumbu zake zilitolewa Berlin mwaka 1886. Anasimulia kuta zilizogawanywa kwa zidaka, ndani yake zimepangwa kauri na bilauri za thamani. Baina yake vioo vikubwa vya Ulaya, na saa. Kidaka ni kazi ya fundi chokaa wa hapa hapa. Sahani ya Uchina ikakaa ndani yake, saa ya Mzungu ikagonga kandoni, wala hazikuoneana haya. Samadari ilitoka Bara Hindi, na kasha la misumari ya shaba vivyo hivyo. Ama kiti cha enzi, cha mpingo na njumu za pembe, wajuzi wangali wakibishana juu ya asili yake: wako wanaotaja Ureno, wako wanaotaja Misri. Mgeni wa heshima aliyekalishwa juu yake hakuuliza.

Sayyid Barghash aliipeleka desturi hiyo mbali zaidi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilibebana na nguzo za chuma cha kusubu kutoka ng'ambo, na milango yake ilikuwa ya nakshi. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Bara nako hakukukosa. Njia ya misafara kutoka Pangani ilipita chini ya milima ya Upare kuelekea Kilimanjaro, ikipandisha nguo na shanga. Wapare hawakuwa wapokeaji tu: Washana wa Ugweno walifua chuma kilichotafutwa na majirani zao. Kisha ukaja mkonge, ulioletwa na Wajerumani mwaka 1893, na Ndungu, kwenye tambarare chini ya milima, ikawa nchi ya mashamba yake, na baadaye ya mpunga wa umwagiliaji. Mshahara na mavuno vikaingiza kitanda cha chuma na kochi la vitambaa. Kigoda na mtungi havikutolewa nje kwa ajili hiyo. Kigoda bado ni cha mzee, na maji ya mtungi yana ubaridi wake.

Tofauti iko hapa. Ndungu kigoda hakina mnunuzi, kwa hiyo kimebaki kazini. Unguja na Lamu mnunuzi alibisha hodi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilibadilisha wenyewe, na vyombo vikatawanyika. Vingine vikauzwa na warithi wenye shida, kimoja kimoja, kwa wachuuzi wa vikale. Leo kiti cha enzi hukutwa katika ukumbi wa hoteli, kando ya taa ya umeme, kimefungwa kamba ili mtu asikikalie, ilhali mjukuu wa aliyekiuza amekaa nyumbani juu ya kiti cha plastiki, na zidaka nyuma yake zimewekwa redio na chupa za chai.