Dungu la Mjomba

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu niliwauliza wanafunzi wa darasa la saba maana ya neno "dungu". Darasa zima lilikaa kimya, mpaka mtoto mmoja akajitolea kusema kuwa ni aina ya samaki. Sikumlaumu. Neno hilo limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, lakini kitu chenyewe kimetoweka machoni. Hata ndugu yake, "ulingo", siku hizi haupandwi ila na mabondia na wanasiasa.

Dungu lilikuwa jukwaa la miti, limeezekwa makuti na kuinuliwa juu ya nguzo nne au juu ya panda za mti mkubwa. Mwenye konde alikaa humo usiku akiamia mazao yake. Kusini mwa Unguja, alikozaliwa mama yangu, ardhi ni ya mawe matupu, na mkulima hupanda muhogo na kunde zake katika vijishimo vya udongo baina ya mawe hayo. Nguruwe mwitu walikuja kwa muhogo. Paa walikuja kwa majani ya kunde. Kwa hiyo mlinzi mwenye bunduki akawa msasi pia, apende asipende.

Usasi hasa wa Unguja haukuwa huo. Ulikuwa usasi wa mbwa, nyavu na watu wengi, wenye vifijo vya kusikika kijiji cha pili. Hatari yake ilijulikana: mwenzako akupige marisau akidhani wewe ni mnyama. Usasi wa dunguni ulikuwa wa mtu mmoja na ukimya, na kwa sababu hiyo watu waliuona wa salama. Mtu yuko juu, anaona mbali, nguruwe hamfikii. (Chui naye alikuwapo wakati huo, lakini chui hupanda mti kuliko sisi sote.)

Mjomba wangu hakuuona wa salama. Alikuwa na masharti yake, nami niliyajua kwa moyo kabla sijaijua jedwali la kuzidisha. Bunduki haipandi pamoja na mtu; huachwa chini ikiwa tupu, kisha huvutwa kwa kamba, mtutu ukitazama ardhi. Risasi hazitiwi mpaka mtu amekwisha kaa. Wa chini hukaa nyuma ya shina mpaka wa juu atamke kwa sauti kuwa ameifungua bunduki. Na kamba za dungu hutazamwa kila jioni. Kamba ya makumbi ni kamba ya bahari, huvumilia chumvi. Lakini mvua, jua na mchwa huila taratibu, na kwa nje huionekani kama imeliwa.

Baada ya masika ya mwaka 1962, nikiwa na umri wa miaka 11, kazi ya kutazama kamba nilipewa mimi. Jioni ile nilivuta mbili, nikaona ziko imara. Vijana wenzangu walikuwa wakinisubiri kwenye mpira. Mjomba aliponiuliza, nikamjibu kuwa nimezitazama zote.

Karibu na alfajiri paa aliingia kondeni. Mjomba alipiga, mnyama akaanguka akirusha miguu. Hapo ndipo penye jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Nguruwe akipigwa, hakuna anayemkimbilia. Mzoga utangoja jua litoke. Lakini paa ni kitoweo, na wazee wetu walishikilia kwamba lazima awahiwe kuchinjwa angali na roho. Basi mtu aliyekaa usiku mzima bila kulala, miguu imekufa ganzi, giza halijatoka, anatakiwa ashuke mbio. Masharti yote ya kupanda aliyafuata mjomba. Ya kushuka aliyasahau yote kwa pamoja. Bunduki aliitia begani, na mtutu wa pili ulikuwa bado na risasi. Mimi nami niliitoka shina langu, kisu mkononi, bila kusikia neno lolote.

Kipago cha tatu cha ngazi kilikatika kamba. Aliangukia mawe, na bunduki ikaanguka hatua mbili kutoka nilipokuwa. Haikulia. Mpaka leo sijui kwa nini.

Tulimbeba kwa kitanda hadi barabarani, akapelekwa mjini kwa gari la samaki. Nyonga yake haikuunga sawasawa, akachechemea maisha yake yote. Paa yule hakuna aliyekumbuka kumchinja.

Mpwa wangu anayeishi Marekani ameniambia kuwa kule kuna watu wengi wanaowinda kulungu kwa kukaa juu ya miti. Hujifunga mkanda wa mwili unaoshikamana na shina tangu mguu unapoacha ardhi mpaka unaporudi, na bunduki huivuta kwa kamba ikiwa tupu, kama mjomba. Na bado huanguka, wengi wao wakati wa kupanda na kushuka. Aliposema hivyo niliondoka barazani nikaenda kusimama uani.

Nilimkiri mjomba kosa langu miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakuwa mwalimu. Alicheka. Akasema kamba ile ya ngazi alijua imeoza tangu masika ya mwaka wa nyuma. Kila siku alikuwa akisema ataibadilisha kesho. Sikujua nifurahi au nikasirike.

Sasa naishi Chukwani. Usiku, bahari ikiwa shwari, taa ya mnara wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, huonekana ikiwaka na kuzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walihamishiwa kisiwani humo paa nunga wachache kutoka Unguja, kwa sababu usasi na ukataji wa misitu ulikuwa umewapunguza mno, na duniani hawapatikani ila hapa kwetu na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Huko hakuna mbwa wala dungu. Wajukuu wangu wameshakwenda kuwatazama na kila mara hunishawishi nami niende. Huwaambia kwamba ngazi za ule mnara ni nyingi kwa mtu wa umri wangu, nao hunijibu kuwa paa hawakai mnarani.