Kasubi na Maneno ya Mkataba

Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, wanne wamelazwa katika kilima cha Kasubi, na tofauti ya lugha walizojifunza ina mengi ya kueleza. Mutesa wa Kwanza, aliyejenga jumba lake hapo mwaka 1882, alijifunza Kiarabu na Kiswahili, lugha za wafanyabiashara waliomfikia kutoka pwani. Mjukuu wake, Daudi Chwa, alikuwa mtoto wa miaka mitatu Mkataba wa Uganda, kati ya Waingereza na Buganda, ulipotiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Mkataba huo uliweka sharti kwamba utata wa maana ukizuka, maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayofuatwa. Kwa maoni yangu, sharti hilo liliwasukuma Waganda kukichimba Kiingereza kuliko mahubiri yote ya wamishenari. Ardhi yenyewe iligawanywa kwa maili za mraba, 350 zikiwa za Kabaka, na mpaka leo milki ya namna hiyo huitwa mailo: kipimo cha mgeni kimekuwa jina la haki ya mwenyeji.

Wako watakaosema kujifunza Kiingereza kulikuwa maringo tu. Mbona Daudi Chwa mwenyewe, mwaka 1935, alitoa kijitabu cha kuwakemea Waganda kwa kuiga ya kigeni? Kweli, ila alikiandika kwa Kiingereza, tena kichwani akaweka neno adimu lenye maana ya kugeuzwa mgeni. Mwaka 1929 alikuwa ameupinga kwa maandishi mpango wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya wenyeji (wapenzi wa Kiswahili tunune tukipenda), akihofia hatima ya Luganda na hadhi ya Buganda. Huyu hakukipenda Kiingereza kwa ajili ya Kiingereza. Alikitumia kama ngao. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ngao hiyo ilikuwa ya wachache. Nalikubali: shule ya Budo, iliyofunguliwa mwaka 1906, ililenga kwanza watoto wa machifu. Hata hivyo, faida yake haikuishia kwao. Mwaka 1953 waziri wa makoloni wa Uingereza aligusia mjini London shirikisho la Afrika Mashariki, Buganda ikatikisika, na mzozo uliofuata ukaishia kwa gavana kumhamishia Uingereza Mutesa wa Pili, Kabaka wa wakati huo, akiegemea kifungu cha 6 cha mkataba. Waganda walilipeleka suala hilo Mahakama Kuu. Novemba 1954 jaji alisoma maneno yaleyale ya mwaka 1900, akaamua kwamba gavana alikuwa ameegemea kifungu kisichohusika. Oktoba 1955 Kabaka alirudi kwenye ikulu yake ya Mengo.