Kili Challenge: Baridi ya Kilimanjaro na pesa za kupambana na UKIMWI

Asubuhi ya Julai pale Ijumbi, wilayani Muleba, sweta na chai ya moto vinatosha. Kileleni Kilimanjaro, usiku wa mwezi huohuo, joto linaweza kushuka chini ya nyuzi hasi 10, na kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa pwani.

Huko ndiko washiriki wa Kili Challenge wanakopanda ili kuchangisha pesa za kupambana na VVU na UKIMWI. Haya ndiyo ya kujua kuhusu safari hiyo, na kwa nini inamgusa mtu wa Muleba.

Ni nini hasa?

Kili Challenge ilianzishwa mwaka 2002 na mgodi wa dhahabu wa Geita (GGML), na huendeshwa kwa ushirikiano na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS). Wapo wanaopanda mlima kwa miguu, na wapo wanaouzunguka kwa baiskeli. Miaka ya karibuni hufanyika Julai.

Nchi nyingine wana mbio zao za namna hii. Katika Antaktika, kwa mfano, kuna Antarctic Ice Marathon, ambapo watu hukimbia kilomita 42.195 juu ya theluji, na baadhi yao huchangisha pesa za misaada. Kwa Tanzania, baridi ya aina hiyo utaikuta Kilimanjaro.

Kwa nini Muleba?

Kwa sababu habari ya UKIMWI Tanzania ilianzia huku. Wagonjwa watatu wa kwanza waliotambuliwa nchini walikuwa wa Kagera, mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage iliyopo Kamachumu, Muleba.

Wakati huo watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiingia na biashara ya mpakani kutoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta maambukizi ya asilimia 24.2 kwa watu wazima wa Bukoba mjini. Kwa Bukoba vijijini na Muleba yalikuwa asilimia 10, yaani mtu mmoja katika kila kumi.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo wengi walishazikwa kwenye migomba yao, na kaya nyingi zikabaki na bibi na wajukuu tu. Ndiyo maana Nshamba, hapohapo Muleba, kulizaliwa Humuliza, mradi wa kusaidia yatima, na mwaka 2003 Kwa Wazee, unaowapa pensheni wazee wanaolea wajukuu.

Safari yenyewe

Njia ya Machame huchukua siku sita au saba. Unaanzia getini, karibu mita 1,800, unapita msituni, kisha mimea inapungua hadi yanabaki mawe matupu.

Usiku mgumu ni ule wa kutoka kambi ya Barafu, karibu mita 4,670. Watu huamka kwenye saa sita usiku, wanawasha tochi za kichwani na kupanda zaidi ya mita 1,200 kwenda juu. Lengo ni kufika Uhuru, mita 5,895, jua likichomoza. Maji kwenye chupa huganda, betri ya simu inakata ghafla, na vidole hufa ganzi.

Hatari zake

Baridi na urefu wa mlima ni hatari mbili tofauti, na zinaweza kukupata kwa pamoja.

- Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, huongea kama mlevi, na baadaye hushindwa kufikiri.
- Ugonjwa wa mwinuko huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kupumua kwa shida hata akiwa amekaa, ashushwe mara moja. Hakuna dawa inayoshinda kushuka.

Ujana na misuli havikukingi. Anayekimbia mbio haraka hata anaweza kuugua kuliko anayekwenda polepole. Ndiyo maana waongozaji husema "polepole" toka siku ya kwanza.

Na usisahau wapagazi. Wao hubeba mahema na chakula kwenye baridi hiyohiyo. Safari ya hisani isiyowalipa na kuwavika vizuri inakuwa imekosea toka getini.

Pesa zinakwenda wapi?

Kampuni na watu binafsi hutoa ahadi, na michango huingia kwenye mfuko wa kampeni. Walionufaika ni pamoja na kituo cha watoto yatima cha Moyo wa Huruma, Geita. Lengo kubwa hutajwa kama sifuri tatu: maambukizi mapya sifuri, vifo sifuri na unyanyapaa sifuri.

Pesa za ndani zina uzito zaidi sasa. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na mpango wake wa PEPFAR ulikuwa umebeba sehemu kubwa ya huduma za VVU Tanzania. Mlima hauwezi kuziba pengo hilo lote. Lakini mchango unaotoka nyumbani hausubiri uamuzi wa Washington.

Ukitaka kufanya kama wao

Si lazima ufike Uhuru. Kikundi cha kijijini kinaweza kuandaa matembezi au mbio na kuchangisha. Mambo matatu ni ya lazima:

1. Tenganisheni gharama za safari na michango. Mchangiaji ajue shilingi yake inakwenda kwa nani.
2. Tajeni anayenufaika kabla ya kupokea pesa, na msomeni mapato na matumizi hadharani.
3. Kwa wanaopanda mlima, pimeni afya kwanza, na mkubaliane mapema kwamba mwongozaji akisema shuka, mnashuka. Ahadi ya mchango isifungwe na kufika kileleni, maana ndiyo humfanya mgonjwa aendelee kupanda.