Ridhaa katika redio ya ridhaa

Mshabiki wa ndondi wa Temeke haelezwi maana ya ngumi za ridhaa: bondia hupanda ulingoni kwa moyo wake, bila kulipwa kwa pambano. Neno hilohilo ndilo linalofaa kwa kile ambacho Waingereza hukiita "amateur radio", na si kwa sababu tu tumekwisha kulizoea viwanjani. Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, hueleza huduma hii kuwa ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza ufundi, inayofanywa na watu wenye idhini, kwa shabaha yao binafsi na bila kutafuta kipato. Humo mna nguzo mbili, moyo wa mtu na idhini ya mamlaka. Neno la Kiingereza, lenye asili ya Kilatini yenye maana ya kupenda, limebeba nguzo ya kwanza peke yake. Ridhaa imebeba zote mbili, maana mtu huridhia jambo mwenyewe, na pia huomba ridhaa ya mzazi au ya daktari. Mkazi wa Tegeta au Mbagala anayetaka kurusha mawimbi lazima aombe leseni kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na alama ya mwito ya kituo chake itaanza na 5H. Hapa tafsiri imeishinda asili.

Yupo atakayesema kwamba redio, kwa Mswahili wa Dar es Salaam, ni ile inayopiga muziki kinyozini, kwa hiyo "redio ya ridhaa" itadhaniwa kuwa kituo cha jamii chenye watangazaji wa kujitolea. Hoja ina uzito kidogo tu. Mlinzi wa getini ana redio koli kiunoni na hakuna anayemngojea asome taarifa ya habari. Msemaji huelewa redio kwa kivumishi chake. Wengine wangependa "redio ya hamu", kwa kuwa wenye fani hujiita "ham", na neno hilo likipewa irabu ya mwisho linaangukia kwenye neno letu zuri. Nakiri linachekesha, lakini hamu huja na kuondoka, wala haiombewi leseni. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ridhaa michezoni hunuka uanagenzi, kana kwamba mtu anasubiri kupanda daraja. Katika redio hakuna daraja la kulipwa linalongojewa. Joe Taylor, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, ni mtu wa ridhaa, naye pamoja na Steve Franke ndio waliotoa mwaka 2017 mfumo wa FT8, unaowezesha ishara dhaifu mno kusomeka kwa kompyuta.

Ikiwa maana ni shabaha binafsi, basi swali la "redio ipi bora?" halijibiki kabla muulizaji hajataja shabaha yake. Redio ya mkononi ya wati 5, kwenye megahezi 144 hadi 146, ni rahisi kununua, ila mawimbi yake hayavuki sana upeo wa macho. Juu ya ghorofa inatamba. Katikati ya kuta na mabati ya Tandika inajikaba. Muuzaji akisema nyingine ni ya "masafa mafupi", mnunuzi asidhani ni ya karibu zaidi. Neno masafa limebeba umbali na mawimbi kwa pamoja, na hayo yanayoitwa mafupi ndiyo yanayodundwa na tabaka la juu la anga hadi Maskati na mbali zaidi. Kwa megahezi 7 antena ya waya inataka kama mita 20. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kinaimeza vizuri, hasa ikipita kona kwa kona, ambako kuna mita 28. Redio ya wati 100 nayo hunywa kama ampea 20 kwa volti 13.8 inaporusha kwa nguvu zote, jambo la kufikiria mapema mahali umeme unapokatika. Anayependa kugonga Mose kwa wati 5 anahitaji betri ndogo tu.

Asiye na uwanja wa waya ana njia moja isiyotajwa sana: ungo. Tangu Novemba 2018 setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, imebeba mtambo wa watu wa ridhaa uitwao QO-100. Imesimama juu ya ikweta, longitudo karibu 26 mashariki, na kutoka Dar es Salaam huonekana zaidi ya nyuzi 70 angani, hivyo ukuta wa jirani hauizibi. Lakini ungo wa runinga peke yake hautoshi. Kurusha ni kwenye gigahezi 2.4, kupokea ni kwenye gigahezi 10, na vifaa vingi huunganishwa kwa mkono. Huko ndiko kujifunza kunakotajwa na ITU. Anayechukia kulehemu asiuguse. Waya wa mita 20 unamtosha akipata pa kuufunga, na kama ni mpangaji, kuna ridhaa ya tatu ya kuomba: ya mwenye nyumba.